Kidole cha Bi Tone

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Walimwita Bi Tone, na hata mlinzi wa getini, ambaye hakuwahi kuvuka meza ya mapokezi, alimwita hivyo hivyo. Jina lilitokana na tabia yake. Kisahani cha plastiki kikitoka kwenye mashine, Bi Tone alichukua kibomba chake, akadondosha tone moja la maji katikati, akainama mpaka jicho likawa sawa na meza, akatazama. Tone likisimama kama shanga, alisonya na kukirudisha kisahani kilikotoka. Tone likilala na kutandaa, alisema, "Hiki kimekubali," kwa sauti ya mtu aliyepatanisha wagomvi.

Maana plastiki ni kitu chenye maringo. Haitaki maji, haitaki kushikwa na chochote. Mwaga seli za ngozi juu ya plastiki mbichi uone: zinaelea, zinajikunja, zinakaa kama wageni ambao hakuna aliyewavutia kiti, na mwisho wake zinakufa. Kazi ya chumba cha Bi Tone ilikuwa kuivunja plastiki maringo hayo. Visahani vilipangwa ndani ya pipa la chuma lenye kidirisha cha kioo, pampu ikanyonya hewa yote, ikaingizwa oksijeni kidogo, umeme ukawashwa, na mle ndani ukawaka mwanga wa zambarau. Mwanga ule huikwaruza plastiki mikwaruzo ambayo jicho haliwezi kuiona, na kuiachia mahali pa kushikika. Seli zikimwagwa juu ya kisahani kilichopitia humo, zinatua, zinajinyoosha, zinaanza kuzaana.

Kazi hiyo aliijua barabara na alijua kwamba anaijua. Wageni wote waliopita chumba kile walikutana kwanza na amri zake: usiingie na mafuta mikononi, na ndani ya kisahani usiguse kwa kidole kitupu, hata ukiona nzi anaogelea. Mikono yake mwenyewe ilikauka na kupasuka kwa sababu ya glavu, na chupa yake ya mafuta ya kujipaka ilikaa ndani ya mkoba, nje kabisa ya chumba. Hakuwa na cheo. Lakini Mkuu wa maabara alizoea kusema, "Muulizeni Bi Tone," na hilo kwake lilitosha kuwa cheo.

Basi akaharibu mambo kwa mkono wake mwenyewe. Mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alimaliza chuo akakaa bila kazi, na ni Bi Tone aliyemwendea Mkuu, akasimama mlangoni akikunja na kukunjua kanga ya kiunoni, akamwombea nafasi. Mkuu akakubali. Siku ile Bi Tone alirudi nyumbani amefurahi kuliko Kitinda mwenyewe. Kama kuna mtu aliyewahi kujipalia makaa huku akiimba, basi alikuwa yeye.

Kuanza kulikuwa kuzuri. Walikuwa chanda na pete. Walitoka pamoja asubuhi, wakala pamoja mchana kwenye benchi la nyuma ya jengo, na Kitinda alikuwa akimwambia kila mtu, "Huyu ndiye dada yangu, ndiye aliyenilea." Kisha, siku moja, Kitinda akasema, "Dada, nimefikiria kitu."

Alichofikiria kilikuwa hiki. Mwanga peke yake ulitosha kwa seli nyingi, lakini seli za ngozi zina deko. Isitoshe, visahani vikikaa kabatini, ile nguvu ya mwanga hupungua, plastiki ikarudia maringo yake pole pole. Kitinda alitaka, baada ya mwanga, kisahani kipakwe utando mwembamba wa kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi yetu sisi wenyewe, ili seli zikitua zijione ziko nyumbani. Bi Tone alisema, "Jaribu, mdogo wangu," huku moyoni akisema kwamba tone lake halijawahi kumdanganya mtu.

Kitinda akajaribu, na seli zikatanda kama zimeitwa.

Tangu hapo wivu ukaingia kwa Bi Tone na kukaa kitako. Mkuu, ambaye miaka yote aliishia mlangoni na kuondoka, sasa aliingia, akavuta stuli, akakaa. Tena stuli yenyewe ilikuwa ya Bi Tone. Alicheka na Kitinda kwa maneno ambayo Bi Tone hakuona kichekesho chake kiko wapi. Alipotaka kujua jambo alisema, "Hebu tumuulize Kitinda," kana kwamba lile "Muulizeni Bi Tone" limefutwa kwa kitambaa. Bi Tone alijikaza kisabuni, akadondosha matone yake, akainama, akatazama. Hakuna aliyesubiri aseme kama kimekubali.

Jambo lililomkera zaidi ni kwamba Kitinda hakuwa na kiburi. Akisifiwa alisema, "Mimi nimefundishwa na Dada." Akipewa chai na Mkuu alimimina nusu akamletea dada yake. Mtu anayegawa hata sifa zake utamchukiaje kwa raha? Bi Tone alitafuta kasoro mpaka akachoka. Aliishia kujiambia kwamba mdogo wake anacheka kwa meno mengi mno, na huko nako si kosa la mtu.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mama yao mzazi aliishi kwa Bi Tone. Bi Tone ndiye aliyemfulia, aliyemkata kucha, aliyejua dawa ipi inamezwa kabla ya chakula na ipi baada yake. Lakini akirudi jioni, mama alitazama nyuma yake, kwenye mlango uliobaki wazi, akauliza, "Mwenzio yuko wapi? Amekula?" Kila siku ni hivyo hivyo. Bi Tone angeweza kuingia akiwa amebeba kichwa chake mkononi, na mama angeuliza kama Kitinda amekula.

Ndipo hospitali moja inayotibu watu walioungua ikaja na ombi. Ilitaka visahani vya kuoteshea karatasi za ngozi, seli zishikane mpaka ziwe kama kitambaa, kisha kitambaa hicho kiwekwe juu ya kidonda. Mkuu akawaita dada na mdogo mtu ofisini.

"Nataka njia moja tu, sitaki vurugu," alisema. "Bi Tone, utatengeneza visahani kwa mwanga peke yake, kama ulivyozoea. Kitinda, utatengeneza kwa mwanga na kolajeni. Wenzenu wa chumba cha seli watapanda ngozi ileile kwenye vyote na watailisha wao. Ninyi wawili hamvigusi mpaka siku ya kuvitia rangi. Njia itakayoshinda ndiyo tutakayoifuata, na mwenye njia hiyo ndiye atakayekuwa msimamizi wa chumba."

"Sawa, Mkuu," alisema Kitinda.

"Sawa," alisema Bi Tone. Msimamizi wa chumba! Chumba ambacho yeye ndiye aliyekipaka rangi kuta zake, yeye ndiye aliyejua pampu ikikohoa inataka nini. Sasa akipiganie, na akipiganie na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfuta kamasi.

Siku ya kutayarisha visahani, Kitinda alipaka utando wake, akaviacha vikauke ndani ya kabati la hewa safi, vifuniko vikiwa wazi kidogo, akaenda kula. Baada ya chakula vingewekwa chini ya taa ya kuua vijidudu, kisha vipelekwe chumba cha seli. Bi Tone naye alikuwa ameshavua glavu, amenawa, amejipaka mafuta yake kule koridoni. Akakumbuka kwamba ameacha miwani. Akarudi kuichukua.

Hakuingia na nia mbaya. Nia mbaya ilimkuta pale pale, mbele ya kabati, alipoviona visahani vya mdogo wake vimekaa katika mstari, vinang'aa, vimetulia. Akafikiria stuli yake. Akafikiria ule mlango ulioachwa wazi na mama anayechungulia. Aliinua kifuniko kimoja, akaweka kidole gumba katikati ya kisahani, akakandamiza.

Ni kitendo cha mara moja. Akarudisha kifuniko, akachukua miwani, akaenda kwenye benchi, akakaa karibu na mdogo wake, na Kitinda akamkatia nusu ya mkate wake.

Siku zilizofuata Bi Tone alijisemea mengi. Ni kimoja tu. Huenda hakitaonekana. Tena taa ile itaua kila kitu. Lakini yeye si mtoto mdogo. Alijua kwamba taa huua vijidudu, na mafuta ya kidole hayana uhai wa kuuawa. Yanakaa palepale, na seli zikifika hapo zinateleza na kwenda zake. Kwa maneno hayo hayo alikuwa akiwatisha wageni.

Siku ya rangi ikafika. Wakapewa visahani, wakabaki wawili chumbani kumngoja Mkuu amalize simu. Kazi yenyewe ni nyepesi: unamwaga supu iliyokuwa ikizilisha seli, unasuuza taratibu, unagandisha kwa spiriti, unamimina rangi, unasuuza tena. Penye seli panabaki zambarau, pasipo na seli plastiki inabaki nyeupe ya kuonekana upande wa pili.

Visahani vya Bi Tone vilitoka kwanza. Vilikuwa na rangi, hakuna wa kukataa, lakini pembeni imepauka, na kimoja kilikuwa kimebanduka ukingoni kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Aliona mwenyewe na hakuhitaji kuambiwa. Kisha vikatoka vya Kitinda. Zambarau nzito, sawasawa, ukingo hadi ukingo, kitambaa hasa. Kimoja, kingine, kingine. Bi Tone alikuwa ameshika ukingo wa sinki.

Kitinda akasuuza kilichofuata, akakiinua dirishani, na mkono ukabaki juu.

Katikati ya zambarau kulikuwa na kidole gumba. Si doa, si kivuli. Kidole, na mistari yake yote iliyozunguka, na kovu lililoikata mistari hiyo kutoka pembe hadi pembe.

Kovu hilo Kitinda alilijua kuliko mtu yeyote duniani. Alipokuwa mtoto wa kutambaa, dirisha la kioo lilifumuka kwa upepo juu ya kichwa chake, na dada yake akatanguliza mkono. Baada ya hapo, kwa miaka, mtoto yule hakupata usingizi mpaka ashike kidole chenye kovu, akilipapasa papasa hadi macho yajifumbe.

Alimtazama dada yake usoni. Kisha akatazama mkono wake uliokuwa ndani ya glavu. Bi Tone alifungua mdomo, na mlango ukafunguka, Mkuu akaingia.

"Haya, tuone." Alipita visahani vya Bi Tone akiguna, akafika kwenye vya Kitinda, uso ukachangamka. Halafu akakiona kile kilichokuwa mkononi. "Na hii ni nini?"

"Ni mimi, Mkuu," alisema Kitinda.

"Wewe umefanya nini?"

"Nilikigusa kikikauka. Nilikuwa nimejipaka mafuta, nikasahau."

"Kwa kidole kitupu?" Mkuu alikunja ndita. "Bi Tone anaimba wimbo huu kila siku, wewe ulikuwa wapi? Unajua karatasi ya ngozi yenye tundu haiwekwi juu ya kidonda? Hapo ingekuwa ngozi ya mtu, ungemwambia nini? Ulisahau?"

"Nisamehe, Mkuu."

"Njia yako ni nzuri, mikono yako ndiyo mibaya. Kuanzia kesho nenda chumba cha kuoshea chupa mpaka ujifunze. Bi Tone, hiyo kolajeni utaipaka wewe. Chumba ni chako."

Akauweka ufunguo wa chumba mezani na kutoka. Bi Tone aliutazama ufunguo. Kitinda hakumngoja aseme neno. Alivua glavu, akakunja koti lake jeupe vizuri, akaenda zake.

Jioni ile Kitinda alimweleza mama mwenyewe, wazi, kwamba amefanya uzembe na kwamba Dada amepewa chumba. Mama alimkaripia. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Bi Tone apate akili, mama alimgeukia yeye, akamshika mkono, akasema, "Nilijua. Mwenye mikono katika nyumba hii ni wewe. Umekula, mwanangu?"

Tusidanganyane: ilikuwa tamu. Tamu mpaka machozi yakamlengalenga. Miaka yote alikuwa akilisubiri swali lile, na sasa limekuja, na alilipokea kama mwenye haki. Alimkata mdogo wake jicho la pembeni, akitegemea kuona ameumia japo kidogo.

Kitinda alikuwa anaosha vyombo. Alikuwa anaimba puani. Uso wake ulikuwa mkunjufu, umetulia kabisa, uso wa mtu aliyetua mzigo.

Hapo ndipo wivu ulipomkaba Bi Tone barabara. Wivu wa kolajeni na wa stuli ulikuwa mchezo. Chumba alikuwa nacho, swali la mama alikuwa nalo, na bado mdogo wake alikuwa na kitu kizuri kuliko vyote viwili, na alikipata bila jasho, kwa kusema tu "ni mimi". Hata katika wema amenizidi, aliwaza. Hata hili amelichukua yeye.

Asubuhi yake alitangulia kazini. Alikichukua kile kisahani kabatini, akaingia ofisini kwa Mkuu, akakiweka juu ya karatasi zake, akavua glavu, akaweka kidole pembeni.

"Tazama kovu, Mkuu," alisema. "Halafu tazama hili."

Mkuu alitazama kisahani, akatazama kidole, akavua miwani, akaivaa tena. "Bi Tone! Wewe?"

"Mimi. Yeye hakugusa kitu."

Msimulizi mwingine angewaambia kwamba dhamiri ilimsuta. Ilimsuta, sikatai. Lakini kilichomwinua kitandani na kumfikisha pale kilikuwa wivu ule ule. Hakuweza kuvumilia mdogo wake aendelee kuwa mtu mwema kwa gharama yake yeye. Ulikuwa wivu uliovaa nguo safi, basi.

Mkuu alisema maneno machache, na machache hayo yaliuma kuliko mengi. Ufunguo ukahamia kwa Kitinda kabla ya saa ya chai. Bi Tone akapelekwa chumba cha kuoshea chupa na amri ya kutokanyaga chumba cha mwanga. Alifunga aproni ya mpira, akazamisha mikono kwenye beseni la sabuni, akangoja. Alijua Kitinda atakuja. Alikuwa ameshayapanga atakayosema: nisamehe mdogo wangu, shetani alinipitia, na kadhalika. Alijua watakumbatiana.

Kitinda alikuja. Aliufunga mlango nyuma yake, na alikuwa amefura kwa hasira.

"Nani amekutuma?"

"Nimesema kweli tu, mdogo wangu."

"Nilikuomba useme?"

"Lakini hukukigusa wewe..."

"Najua sikukigusa! Dada, mimi tangu nizaliwe sina kitu kisicho na mkono wako. Shule ni wewe. Kazi ni wewe. Hata fuvu hili la kichwa ni zima kwa sababu ya kidole chako. Unajua inavyochosha kuwa mtu wa kubebwa? Unadhani Mama ananiulizia chakula kwa mapenzi? Ananiulizia kwa kuwa ananiona mtoto. Wewe hakuulizi kwa kuwa amekuegemea. Mimi hajawahi kuniegemea hata siku moja. Nimekuonea wivu mpaka nimechoka." Alifuta macho kwa kiwiko. "Jana, mara moja tu maishani, mimi ndiye niliyekubeba wewe. Na hata kulala mgongoni mwangu mpaka kuche vizuri, umeshindwa?"

Bi Tone alikuwa amejiandaa kusamehewa. Kuonewa wivu hakujiandaa nako hata kidogo. Maneno yote aliyoyapanga yalizama ndani ya beseni. Alisimama pale, povu limemfika viwikoni, akimtazama mdogo wake kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake mwenyewe kutoka upande wa nyuma.

"Mimi?" alisema mwishowe. "Mimi wa kuonewa wivu?"

"Wewe," alisema Kitinda, bado ana hasira. Akafungua mlango, akasimama. "Mchana tunatoa visahani vipya vya hospitali. Uje uweke tone."

"Mkuu amesema nisikanyage."

"Msimamizi wa chumba ni nani?"

Bi Tone alichomoa mikono ndani ya beseni.

"Basi uje," alisema Kitinda. "Na usijipake mafuta."

Mlango ukafungwa. Bi Tone alibaki na chupa zake, akacheka peke yake, kisha kicheko kikageuka, akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sabuni na macho yakamwasha. Lilikuwa jibu zuri, lile la mafuta. Lilikuwa zuri sana, na kusema kweli alitamani angelisema yeye.